Saa Inaanza Wapi, Inasimama Wapi: Kupima Uchelewaji Kati ya Kipanya na Skrini

Mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie jambo linaloonekana dogo, yaani muda unaopita tangu kidole kibonyeze kitufe cha kipanya hadi jicho lione badiliko kwenye skrini. Nimekubali kwa furaha, kwa kuwa hiki ni mojawapo ya vipimo ambavyo watu huvitaja kwa uhakika mkubwa ilhali hawajakubaliana wanapima nini. Mmoja atasema skrini yake ina milisekunde 1, wa pili atasema kompyuta yake ina milisekunde 60, wa tatu atasema kipanya chake hakichelewi kabisa, nao wote watatu wanaweza kuwa wamesoma namba halali mahali fulani. Hoja yangu jioni hii ni kwamba namba ya uchelewaji haimwambii msikilizaji lolote mpaka msemaji aeleze saa yake ilianza kuhesabu wapi na ilisimama wapi.

Tuifuate kwanza safari yenyewe. Chini ya kitufe cha kipanya cha kawaida mna swichi yenye kipande chembamba cha chuma, na chuma hicho kinapokigusa chenzake hakitulii papo hapo. Hudundadunda kwa muda mfupi, na kwa umeme kila mdundo unafanana na mbonyezo mpya. Ili mbonyezo mmoja usihesabiwe kuwa mitano, programu iliyomo ndani ya kipanya hulazimika kuipuuza midundo hiyo. Wapo watengenezaji wanaotuma habari mara mguso wa kwanza unapotokea, kisha wakafumba macho kwa muda mpaka midundo iishe. Wapo pia wanaosubiri kwanza utulivu ndipo watume. Tofauti ya njia hizi mbili inaweza kufika milisekunde kadhaa kabla habari haijaondoka hata ndani ya kipanya, na wala haionekani kwa macho ukivitazama vipanya viwili dukani. Swichi zinazotumia mwali wa mwanga badala ya mguso wa chuma hazina tatizo la midundo, na hiyo ndiyo faida yao ya kweli.

Ikisha kuwa tayari, habari haiendi kwenye kompyuta kwa hiari yake. Katika mpangilio wa USB, kipanya hakisemi mpaka kiulizwe. Vipanya vingi vya kawaida huulizwa mara 125 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 8, na vile vya michezo huulizwa mara 1000, yaani kila milisekunde 1. Siku hizi vipo hata vinavyoulizwa mara 8000. Mbonyezo uliotokea mara tu baada ya swali kupita utangoja swali linalofuata, na ule uliotokea sehemu ndogo ya sekunde kabla ya swali utachukuliwa mara moja. Kwa hiyo kipanya cha maswali 125 huongeza kati ya milisekunde 0 na 8, wastani wake ukiwa 4. Naomba tofauti hii kati ya kiwango cha chini, cha juu na cha wastani tuishike vizuri, kwa kuwa itarudi na kutusumbua baadaye.

Vipanya visivyo na waya vina foleni yao nyingine ya redio, nami nitavipitia haraka: vile vyenye kipokezi chake maalumu vinaweza kukaribia sana vile vya waya, ilhali Bluetooth ya matumizi madogo ya nishati kwa miaka mingi haikuweza kukutanisha vifaa viwili kwa mapumziko mafupi kuliko milisekunde 7.5, hata mambo yakiwa mazuri namna gani.

Sehemu ambayo muda mwingi hupotea iko ndani ya kompyuta, wala si kwenye kipanya. Mfumo endeshi huipokea habari, huiweka kwenye foleni ya programu husika, na programu huisoma pale inapofika zamu yake, mara nyingi mara moja tu kwa kila fremu, yaani kila picha moja kamili ya skrini. Programu huchora fremu mpya na kuikabidhi kwa kadi ya michoro, ambako inaweza kukuta fremu nyingine zikisubiri. Direct3D, kwa mfano, yaani mfumo wa Microsoft ambao programu hutumia kuchora, isipoelekezwa vinginevyo, huruhusu fremu 3 kusubiri foleni. Kwenye skrini inayochora mara 60 kwa sekunde kila fremu huchukua milisekunde 16.7, kwa hiyo foleni iliyojaa ni milisekunde 50 za kungoja bila kazi yoyote kufanyika. Juu ya hayo, programu inapokuwa dirishani badala ya kujaza skrini nzima, aghalabu kuna kitengo cha mfumo endeshi kinachoyaunganisha madirisha yote kuwa picha moja, nacho huweza kudai fremu yake. Mtu anayetumia fedha nyingi kununua kipanya cha maswali 8000 badala ya kile cha 1000 huku foleni hii ikiwa imejaa amepunguza pungufu ya milisekunde 1 mahali panapopotea 50.

Kuna jaribio ambalo kila mmoja wenu anaweza kulifanya bila kifaa chochote. Shikeni dirisha kwa kipanya mliburute kwa kasi kushoto na kulia. Katika mifumo mingi mtaona dirisha likikifuata kishale kwa nyuma kidogo, kana kwamba limefungwa kwa mpira. Sababu ni kwamba kishale huchorwa na kadi ya michoro kwenye tabaka lake la pekee, nje ya foleni niliyoieleza, ilhali dirisha hupitia foleni yote. Kipanya ni kile kile, waya ni ule ule, skrini ni ile ile, na bado kuna nyakati mbili tofauti za uchelewaji mbele ya jicho moja. Anayepima kwa kutazama kishale peke yake amepima njia ya mkato ambayo programu yake haiitumii.

Mwisho wa safari ni skrini. Picha haitokei yote kwa pamoja. Skrini nyingi huichora mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo kwenye skrini ya mara 60 ukingo wa chini hupata habari yake karibu milisekunde 16 baada ya ukingo wa juu. Kisha kila nukta ya picha (pikseli) yenyewe huhitaji muda wa kubadilika kutoka rangi moja kwenda nyingine. Ile milisekunde 1 inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi inahusu badiliko hili la nukta peke yake, tena mara nyingi badiliko teule kati ya vivuli viwili vya kijivu katika mipangilio ambayo huenda usipende kuitumia kila siku. Haisemi chochote kuhusu muda ambao vifaa vya elektroniki vya skrini huishikilia picha kabla ya kuanza kuichora. Televisheni, hususani zile zinazopamba picha kwa kulainisha mwendo, zinaweza kuishikilia kwa zaidi ya milisekunde 100 zisipowekwa katika hali ya michezo. Uharaka wa nukta na uchelewaji wa skrini ni mambo mawili, na skrini inaweza kuwa bora katika moja na dhaifu katika jingine.

Sasa tupime.

Njia ya zamani ilikuwa kuunganisha skrini mbili kwenye kompyuta moja, ya zamani ya kioo kizito na mpya ya bapa, kuonyesha saa ile ile kwenye zote mbili, kisha kuzipiga picha kwa pamoja na kutoa namba moja kwa nyingine. Njia hii ilifanya kazi nzuri katika kuwaamsha watu, lakini ina kasoro nyingi: saa yenyewe hubadilika mara moja tu kwa kila fremu, picha ya kamera huweza kukamata namba mbili zilizopandana, nayo haigusi kipanya hata kidogo. Hiyo ni njia ya kulinganisha skrini na skrini.

Njia ya pili ni kamera ya kasi. Simu nyingi za leo hupiga fremu 240 kwa sekunde, yaani fremu moja kila milisekunde 4.17. Mtu hufungua kipanya, huunganisha taa ndogo kwenye swichi ili iwake papo hapo chuma kinapogusana, kisha hurekodi taa na skrini kwa pamoja. Taa ikiwaka kwenye fremu ya 12 na skrini ikabadilika kwenye fremu ya 26, tofauti ni fremu 14, yaani milisekunde 58 hivi, na kosa linaweza kufika karibu fremu moja kila upande. Taa hii ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Wapo wanaojaribu kukisia kwa kutazama kidole kinavyoshuka, na hapo saa huanza popote mtazamaji anapopenda, kwa sababu kitufe husafiri kabla ya kugusa. Jambo jingine ambalo hupuuzwa ni kwamba kamera za simu nazo huisoma picha mstari kwa mstari. Kwa hiyo taa na sehemu ya skrini inayotazamwa ziwekwe katika mstari mmoja wa picha, la sivyo kamera yenyewe itaongeza au kupunguza milisekunde ambazo hazipo.

Kamera ina sifa ambayo vifaa vingine havina, nayo ni kwamba inaonyesha. Mwenye shaka anaweza kuhesabu fremu mwenyewe. Kasoro yake ni uchovu: baada ya mibonyezo 20 macho ya mpimaji huanza kuona anachokitaka.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda, na ndiyo iliyoko mezani. Kuna vibao vidogo vya maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, Arduino Leonardo kikiwa kimojawapo, vyenye uwezo wa kujitambulisha kwa kompyuta kama kipanya cha USB. Kibao hicho huunganishwa na fotodayodi, yaani kihisi kidogo cha mwanga, iliyobandikwa kwenye skrini. Hutuma mbonyezo, huanza kuhesabu, na programu nyepesi kwenye kompyuta hubadilisha skrini kutoka nyeusi kuwa nyeupe mara inapopokea mbonyezo; mwanga unapoifikia fotodayodi, saa husimama. Kusoma kiwango cha mwanga huchukua kibao hicho takriban sehemu ya kumi ya milisekunde, kwa hiyo kifaa chenyewe si chanzo kikubwa cha kosa. Mwaka 2020 kampuni ya NVIDIA ilitangaza vifaa vya aina hii hii, kimoja kwa ajili ya wachambuzi wa vifaa na kingine kilichojengwa ndani ya skrini ambamo kipanya huchomekwa, lakini wazo lake ni hili hili ambalo fundi yeyote mwenye kichomeo cha risasi anaweza kulitekeleza.

Lakini turudi kwenye swali letu: saa imeanza wapi? Kibao kimejifanya kipanya, hivyo kimeiruka swichi, midundo yake na programu ya ndani ya kipanya. Tumepima kila kitu isipokuwa kipanya. Anayetaka kukiingiza kipanya chake halisi lazima achomelee waya kwenye swichi yake, ili saa ianze kwa mguso wa umeme. Na anayetaka kujua uchelewaji wa mwendo, si wa kitufe, amekuja kwa tatizo jingine kabisa, maana kihisi cha mwendo hupiga picha za meza maelfu ya mara kwa sekunde na kulinganisha picha moja na iliyotangulia, wala hakihusiki na midundo ya chuma. Kipanya chenye kitufe kinachochelewa kinaweza kuwa cha haraka katika mwendo. Kwa kulinganisha vipanya viwili katika mwendo, njia rahisi ni kuvigonganisha na kuona habari ya kipi inaingia kwanza. Utapata tofauti yao, hutapata kiwango cha kila kimoja.

Na saa imesimama wapi? Fotodayodi iliyobandikwa juu ya skrini na ile iliyobandikwa chini zitatofautiana kwa karibu fremu nzima, bila chochote kubadilika. Mimi huibandika katikati, na huandika hivyo. Lazima pia useme mwanga umefika kiwango gani ndipo saa isimame, asilimia 10 ya mwangaza kamili au asilimia 50, kwa sababu nukta ya skrini ya LCD hupanda mlima wake polepole. Kisha kuna skrini ambazo hupunguza mwangaza kwa kuwasha na kuzima taa zake za nyuma kwa kasi isiyoonekana na jicho. Fotodayodi huiona. Ukipima skrini kama hiyo ikiwa imepunguzwa mwangaza, saa yako huweza kusimamishwa, au kucheleweshwa, na mpepesuko wa taa usiohusiana na picha. Kwa hiyo pandisha mwangaza hadi mwisho kabla ya kuanza.

Niwaeleze kosa nililolifanya mimi mwenyewe, kwa kuwa lilinifundisha kuliko yote niliyoyasoma. Kifaa changu cha kwanza kilibonyeza kila baada ya nusu sekunde kamili. Nilikiachia kibonyeze mara 100 na namba zote zikaja karibu sawa, zikitofautiana kwa kiasi kidogo mno, nami nikajipongeza kwa usahihi. Kesho yake nikarudia, kompyuta ile ile, waya ule ule. Namba zikawa tena zimetulia kama maji ya mtungini, lakini zote zilikuwa juu kuliko za jana kwa milisekunde nyingi. Nililaumu waya. Nililaumu sasisho la programu. Nilipoteza jioni mbili.

Kosa lilikuwa la hesabu ya darasani. Nusu sekunde kwenye skrini ya mara 60 ni fremu 30 kamili. Mbonyezo wa kwanza ukiangukia, tuseme, milisekunde 3 baada ya skrini kuanza kuchora, wa pili nao utaangukia milisekunde 3 baada, na wa mia vilevile. Nilidhani nimepima mara 100, kumbe nilikuwa nimepima mara moja na kuinakili mara 99. Jana nilikuwa nimeangukia mahali pazuri pa fremu, leo pabaya. Skrini nyingi kwa kweli huchora mara 59.94, na hapo namba hazigandi bali hupanda kidogo kidogo, nusu milisekunde kwa kila mbonyezo, kisha huporomoka ghafla na kuanza upya. Ukiona ngazi za namna hiyo kwenye mchoro wako, usitafute ugonjwa kwenye kompyuta. Dawa ni kuifanya nafasi kati ya mibonyezo iwe ya kubahatisha, kwa mfano popote kati ya milisekunde 400 na 700, ili kila mbonyezo uangukie mahali pake katika fremu, jinsi vidole vya binadamu vinavyofanya bila kufundishwa.

Ukishabahatisha, utaona mtawanyiko ambao haukwepeki. Kungoja fremu peke yake hutawanya namba kati ya 0 na 16.7, wastani 8.3. Kwa mtawanyiko huo, wastani wa mibonyezo 10 unaweza kuyumba kwa kiasi cha milisekunde 1.5 kila upande, na wa mibonyezo 100 kwa kiasi cha nusu milisekunde. Ukitaka kupunguza kosa kwa nusu lazima uongeze mibonyezo mara nne. Kwa hiyo mtu anayebonyeza mara 10, akabadilisha mpangilio mmoja, akabonyeza tena mara 10 na kutangaza kuwa ameokoa milisekunde 1, hajaokoa wala hajapoteza, hajapima. Nami ningependa kila atoaye wastani atoe pia kiwango cha chini na cha juu, kwa sababu mkono wa mtumiaji huzoea uchelewaji thabiti wa milisekunde 40 kwa urahisi zaidi kuliko ule unaorukaruka kati ya 20 na 60, ingawa wastani wake ni mmoja.

Mtaniuliza kama haya yana uzito wowote, ikiwa binadamu mwenyewe huchukua takriban milisekunde 200 hadi 250 kuitikia mwanga unaowaka ghafla. Swali hili huulizwa kana kwamba ni jibu. Muda wa kuitikia jambo usilolitarajia ni kitu kimoja. Kuongoza mkono wako mwenyewe kwa kutazama matokeo yake ni kitu kingine. Anayelenga kwa kipanya hasubiri kushtuliwa. Husahihisha mwendo wake bila kukoma, na kila sahihisho hutegemea picha iliyokwisha kuchelewa. Mwaka 1993 watafiti MacKenzie na Ware waliwapa watu kazi ya kulenga shabaha kwenye skrini huku wakiongeza uchelewaji kwa makusudi. Ulipofika milisekunde 225, muda wa kulenga uliongezeka kwa asilimia 64 na makosa kwa asilimia 214, na ulipokuwa milisekunde 75 athari ilikuwa tayari inapimika. Hizo ni namba za kazi ya mkono, si za kile ambacho mtu anasema anakihisi.

Basi tuingie mezani. Nimeweka kibao, fotodayodi katikati ya skrini, mwangaza umepandishwa mpaka mwisho, programu imejaza skrini nzima, na mapumziko kati ya mibonyezo ni ya kubahatisha. Saa itaanza pale kibao kitakapotuma mbonyezo kwa USB na itasimama mwanga utakapofika asilimia 50. Tutafanya mibonyezo 200 bila kusubiri zamu ya skrini, yaani fremu mpya ikiingia hata skrini ikiwa katikati ya kuchora, tukubali kuona picha ikichanika, na 200 nyingine kwa kusubiri, kisha tuiweke michoro miwili ubavuni mwa mwenzake. Itachukua dakika 4 hivi. Nitawaomba walio karibu na mlango wazime taa za ukumbi, kwa sababu nazo hupepesa kwa mdundo wa umeme wa ukutani, na fotodayodi yangu haijui kutofautisha taa na skrini.